Tita Lililoshukiwa

Jirani alinishika mkono nje ya kanisa, akanivuta hadi nyuma ya magari, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umefanya nini?"

Nilidhani ananitania. Misa ya mchana ilikuwa imetoka. Akina mama walisimama kwenye kivuli cha ukuta wakipeana habari za wiki nzima, na watoto walikimbizana kati ya magari wakifokeana kwa Kiingereza. Nikamwambia sijafanya kitu.

"Kama hujafanya kitu, yule mzungu wa tai alikuja nyumbani kwangu kutafuta nini?"

Namwita Jirani tangu kambi ya wakimbizi. Kule Kigoma nyumba zetu za udongo ziliegemea ukuta mmoja, na mtu akikohoa upande huu alipewa pole upande wa pili. Siku hizi, hapa pembeni mwa Dallas, yeye anaishi Mesquite, karibu na ghala anakofanya kazi, na mimi nipo Irving, upande wa uwanja wa ndege. Kati yetu kuna barabara kuu na foleni zisizoisha, lakini jina limebaki. Ndiye baba wa ubatizo wa binti yangu wa kwanza.

"Aliuliza nini?" nikamwuliza.

"Kama unakunywa. Kama unampiga mkeo. Kama una ndugu huko nyumbani ambao bado wameshika bunduki. Kama nimewahi kukusikia ukiisema vibaya serikali ya hapa. Mtu haulizwi hivyo bure."

"Ni mambo ya kazi tu. Ile kazi mpya. Walitaka mtu anayenijua tangu zamani, nikaandika jina lako."

"Uliandika jina langu bila kuniambia?"

"Nilitaka kukupigia simu, kazi zikanizidi."

"Jina langu," akarudia, kama mtu aliyekuta shati lake linauzwa mnadani. Akaniachia mkono, akaenda kumtafuta mkewe.

Nilimwelewa, na bado nilikasirika. Sisi tuliotoka kambini tunawajua watu wa maswali. Kabla ya kuletwa Marekani, mimi na mke wangu tulikuwa tukiwekwa vyumba tofauti na kuulizwa jambo lile lile. Mlivuka mto mahali gani? Mvua ilikuwa inanyesha? Nani alibeba mtoto? Kisha wanalinganisha. Mke akisema mvua ilinyesha na mume akasema lilikuwa jua, faili linarudi chini kabisa. Watu walikuwa wakirudia majibu usiku kucha kama wanafunzi wa mtihani, hata majibu ya kweli. Mtu akishapita hapo, tai peke yake inatosha kumtoa jasho. Na nyakati zenyewe ndizo hizi, ambapo kila wiki kuna mtu anayesimulia kwamba fulani alienda kazini asubuhi na mpaka leo hajarudi.

Kazi yenyewe haikuwa na ubaya wowote. Nilikuwa nimebeba maboksi ghalani miaka mingi, nikasomea ufundi wa vifaa vya umeme jioni, nikatengeneza mashine za mizigo uwanja wa ndege, na mwishowe nikapata nafasi kwenye tawi dogo la kampuni moja pale Irving. Kampuni hiyo ina mashine za kupima mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika. Ili niruhusiwe kuingia kwenye kituo cha umeme wa nyuklia ilibidi nichunguzwe, kama anavyochunguzwa kila mtu anayepita lile geti.

Lakini ruhusa ilichelewa. Wenzangu wawili tulioomba pamoja walipata zao, mimi nikabaki ofisini kufuta vumbi kwenye nyaya. Bosi wangu, mzee wa Kiteksasi mwenye buti za ngozi na maneno machache, alikuja siku moja akasimama mbele ya meza yangu. Mimi kichwani mwangu namwita Mzee tu.

"Kuna jambo lolote ninalopaswa kulijua?" akauliza.

"Hakuna."

"Kuna mtu yeyote anayekuchukia?"

"Simjui."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Kuanzia hapo, kila mtu niliyemsalimia nilimtazama mara mbili.

Ruhusa ilipokuja hatimaye, mambo nyumbani yalikuwa yameharibika. Mke wangu anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Carrollton, na tangu zamani alipanda gari la mama mmoja wa kwaya anayefanya kazi njia hiyo hiyo. Yule mama akamwambia gari limejaa. Akamwomba mwingine, naye akasema gari limejaa. Gari letu moja ndilo ninalokwenda nalo kazini, basi mke wangu akaanza kwenda kwa treni na basi, anatoka alfajiri.

"Maneno ni yale yale," akaniambia akivua viatu. "Limejaa. Kama vile wamefundishwa na mwalimu mmoja."

"Wanasema nini?"

"Kwamba unafanya kazi na wale wa uhamiaji wanaokamata watu. Kwamba ndiyo maana ulichunguzwa." Alinitazama. "Baba watoto, niambie mimi. Kazi gani hiyo isiyopigwa hata picha?"

Nilimweleza, na sijui kama nilimweleza vizuri. Nilimwambia kwamba ndani ya kinu cha nyuklia kuna fimbo ndefu nyembamba zilizojazwa madini ya urani, zimefungwa pamoja kama tita la kuni. Tita moja hukaa ndani ya kinu miaka kadhaa likitoa joto, na joto hilo ndilo linalozungusha mitambo ya umeme. Likishachoka hutolewa, hutumbukizwa katika bwawa refu la maji lipoe, na baadaye hufungwa ndani ya kasha la chuma na zege. Lakini kabla ya kulifunga ni lazima ijulikane limeungua kiasi gani, kwa sababu tita lililoungua kidogo bado lina nguvu nyingi, na halipangwi pamoja na mengine ovyo ovyo. Kituo hukadiria kwa hesabu: kinu kiliwaka muda gani, kwa nguvu kiasi gani, na tita hili lilikuwa sehemu gani ya kinu. Sisi tunakuja na mashine kuona kama tita lenyewe linasema hivyo hivyo.

"Kwa hiyo mnawashuku kuwa ni waongo," akasema.

"Hatumshuku mtu. Tunahakikisha."

"Ndivyo walivyosema na wale wa kambini," akasema, akaingia jikoni.

Kituo chenyewe sitakitaja, na watu wake hawakunifanyia ubaya. Bwawa lao lilinishangaza. Maji yalikuwa safi hata sakafu ilionekana, na matita yalisimama chini kule yamepangwa kama chupa kwenye kreti. Ukikaribia ukingo, chochote kinachoweza kudondoka hufungwa kamba, hata miwani. Ovaroli hazina mifuko. Pete inavuliwa, au inazungushiwa selotepu pamoja na kidole. Yangu ilikuwa imelegea, nikaivua na kuitia kwenye begi.

Kazi ilikwenda vizuri. Winchi ilinyanyua tita taratibu chini ya maji, likapitishwa mbele ya tundu jembamba lenye skrubu ya kulibana au kulipanua, na nyuma ya tundu kulikuwa na mashine yetu ikisoma mionzi. Tunachotafuta zaidi ni sesiamu, majivu ya mafuta hayo tuseme. Ziko aina mbili. Moja ni mvumilivu, huchukua miaka kama thelathini kupungua nusu. Nyingine ina haraka, miaka miwili hivi nusu yake imekwisha. Tita likizidi kuungua, sehemu ya ile ya haraka huongezeka, na kampuni yetu ilitegemea uwiano wa hizo mbili, kwa sababu uwiano hausumbuliwi sana tita likikaa karibu kidogo au mbali kidogo na tundu. Tita baada ya tita, tulichosoma kilikubaliana na hesabu ya kituo. Mpaka tulipofika kwa moja lililokuwa pembeni, lisilo na tofauti yoyote ya kuonekana kwa macho.

Hesabu ya kituo ilisema limeungua sana. Mashine ilisema limeungua kidogo.

"Rudia," Mzee akasema.

Nikarudia. Likasema vile vile.

"Uligusa ile skrubu ya tundu?"

"Sijaigusa."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alichukua tochi yake akaikagua ile skrubu mwenyewe. Matita yote ya kabla yake nilikuwa nimeyapima mimi, kwa mikono hii hii, na hakuna aliyeuliza habari za skrubu.

Tuliligeuza tita upande wa pili, tukapima tena. Kijana wa kituo aliyekuwa akiendesha winchi aliacha kupiga soga. Kabla ya chakula cha mchana Mzee aliitwa kwenye chumba chenye ukuta wa kioo pamoja na watu wawili wa kituo. Nilikuwa nje naviringisha nyaya. Sikusikia neno, lakini nilimwona akizungumza kwa mikono, na mara moja mkono wake ukaelekea nilipokuwa nimesimama. Wote wawili wakageuka kunitazama, kisha wakageuka haraka.

Asubuhi iliyofuata kitambulisho changu hakikufungua geti. Mlinzi aliniomba nisubiri pembeni. Alikuwa mtu wa adabu, akaniletea kiti. Wenzangu walipita wakinipungia mkono kama watu wanaopita karibu na ajali. Baadaye geti likafunguka, nikaambiwa ni mtandao tu. Yawezekana ulikuwa mtandao tu. Mimi nilikuwa nimeshajiona nimerudi ghalani, na nilikuwa nimeshachagua wa kumlaumu: Mzee, aliyenionyesha kidole.

Mwisho wa wiki nilirudi nyumbani. Mke wangu aliupokea mkono wangu akaushika muda mrefu kuliko kawaida.

"Pete iko wapi?"

"Ipo kwenye begi. Kwenye bwawa hairuhusiwi."

"Bwawa," akasema.

Nikaenda kulifungua begi. Pete haikuonekana upesi, na jinsi nilivyozidi kupekua soksi ndivyo alivyozidi kunyamaza. Nilipoipata hatimaye, imejificha kwenye mshono, nikaivaa mbele yake. Hapo hapo simu ikalia, na aliyepiga alikuwa mwanamke.

Alikuwa dada mmoja Mkenya wa ofisi yetu kubwa ya Houston. Alikuja nchi hii kusomea fizikia akabaki, na ndiye anayepokea vipimo vyetu na kuvifanyia hesabu. Tulikuwa hatujaonana hata mara moja, lakini siku aliyogundua najua Kiswahili aliacha kabisa kuniongelesha Kiingereza.

"Sasa kaka! Uko poa? Hebu niambie, hiyo tita yako imenikosesha usingizi. Wamesema uje na mashine huku Houston Jumatatu tui-check. Usiniletee stori, niletee mashine."

Nikacheka. Kicheko hicho nilikilipia, maana nilipokata simu mke wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Naye ni wa bwawani?"

"Ni wa Houston. Wa hesabu."

"Unaenda kwake lini?"

"Ofisini. Jumatatu."

"Haya," akasema, akaenda kulala na watoto.

Safari ile ya Houston niliendesha mwenyewe, mashine imefungwa mikanda kiti cha nyuma kama mgonjwa. Njia nzima nilijiuliza kwa nini nimetumwa peke yangu. Kama mashine itakutwa na kasoro, kosa ni la aliyeitumia. Kama haina kasoro, kosa bado ni la aliyeitumia. Mzee alikuwa amenipa ufunguo wa gari la kampuni bila neno jingine zaidi ya "Endesha polepole."

Yule dada alikuwa mfupi, na alivaa sweta ingawa Houston nje ilikuwa joto la kukaangia yai. Aliipima mashine yetu kwa vipande vidogo vya mionzi ambavyo nguvu yake inajulikana. Alipima asubuhi, akapima tena baada ya chakula, bila kuniambia lolote, na mimi nilikaa pale nikiusoma uso wake. Mwishowe akazungusha kiti.

"Mashine yako haina ugonjwa, kaka. Na wewe pia."

"Basi tita ndilo linalodanganya? Au ni kituo?"

"Ngoja kwanza. Mbona unapenda kushika mtu?" Akanivutia kiti. "Hapa. Sisi tumeangalia uwiano peke yake. Lakini hebu angalia kila sesiamu na yake. Hii ya kudumu iko kiasi gani?"

Nikatazama. "Ni nyingi."

"Ni nyingi kama gani?"

"Kama vile kituo kinavyosema."

"Eeh. Sasa hii ya haraka?"

"Kidogo mno."

"Kama hilo tita lingekuwa halijaungua vya kutosha, zote mbili zingekuwa chini. Imeshuka moja tu. Hiyo ya kudumu inasema, niliungua sana. Ya haraka inasema, sehemu yangu kubwa ilishakufa zamani. Hao wawili hawapingani."

Nilipokuwa kambini nilijua mume na mke waliokataliwa kwa sababu mmoja alisema walikaa kijijini miezi mitatu na mwenzake akasema walikaa wiki mbili. Wote walisema kweli. Mume alikuwa amehesabu tangu alipofika yeye, na mke alikuwa amefika baadaye. Hakuna aliyewauliza walifika lini.

"Liliungua," nikasema, "likatolewa, likakaa. Kisha likarudishwa ndani likaungua tena."

"Umenipata. Ile sesiamu ya mwanzo ilipata muda wa kufa likiwa limepumzika. Na sisi kwenye hesabu yetu tuliweka kwamba liliungua mfululizo, sababu hawa wa kituo walitupatia jumla tu na siku lilipotoka mara ya mwisho. Lakini hii ni kubahatisha, kaka. Lazima mtu wa huko aseme kama kweli lilipumzika."

Nikampigia Mzee palepale. Nikamweleza, labda kwa haraka mno, kwa sababu ilibidi nirudie.

"Usimwambie mtu yeyote," akasema. Akakata.

Nilimtazama yule dada. "Anataka kulizika."

"Au anataka kuuliza kwanza kabla hujaitangazia dunia," akasema. "Wewe bwana, una roho ya askari wa zamu. Umekula?"

Siku mbili hivi nilikaa na neno hilo, usimwambie mtu, nikiligeuzageuza. Niliamini kwamba Mzee angelipeleka jibu kama lake, au angelificha ili asigombane na wateja, na mimi ningebaki na doa la yule fundi aliyegusa skrubu. Nilimwandalia hotuba. Nilikuwa naoga nikiisema.

Kisha akapiga simu yeye, mchana, nikiwa kwenye foleni ya magari karibu na uwanja wa ndege.

"Liko hivi," akasema. "Kuna fundi wa kike pale, yupo tangu enzi na enzi, anakaribia kustaafu. Analikumbuka. Walipolitoa mara ya kwanza walilishuku linavuja. Wakaliweka pembeni ya bwawa, zikapita zamu kadhaa za kubadilisha mafuta, yaani miaka, bila kurudishwa. Walipokuja kulikagua wakakuta halivuji, ni zima, wakalirudisha kinuni. Rekodi zao kamili zinayo habari hiyo yote. Sisi tulipewa muhtasari, na hatukuuliza zaidi."

"Kwa hiyo hesabu yao ni sahihi."

"Ni sahihi. Na kipimo chako ni sahihi."

"Mbona uliniambia nisimwambie mtu?"

"Kwa sababu nilikuwa sijui," akasema.

Hotuba yangu yote ikakosa kazi. Nilimshukuru. Hakuniambia alichokisema siku ile ndani ya kioo wakati mkono wake ulipoelekea kwangu, na mimi sikumwuliza. Mpaka leo sijui. Kuna siku nadhani alikuwa ananitetea, na kuna siku, hasa akiwa amenuna, nadhani vingine. Tangu hapo kila tita tunalopewa tunaomba historia yake nzima, lini liliingia, lini lilikaa nje, lini lilirudi.

Nilidhani jambo limekwisha. Lakini Jirani alikuwa bado hapokei simu yangu. Kanisani alikaa benchi za mbele, akatoka kwa mlango wa pembeni. Mke wangu aliendelea na treni yake. Aliniamini kuhusu pete, nadhani, ila kila nilipotaja Houston aliinua nyusi.

Kisha bibi mmoja tuliyekuwa naye kambini alifariki huko Houston kwa mwanawe, na watu wa Dallas na Fort Worth wakapanga kwenda msibani kwa kuchangia magari. Nilikuwa nikitafuta pa kukaa katika magari ya wengine, ambayo bila shaka yangekuwa yamejaa, mke wangu aliponiambia kwamba ameshapanga. Yeye hawezi kuacha wazee wake. Mimi na Jirani tutakwenda gari moja.

"Amekubali?"

"Sikumwuliza yeye. Nimeongea na mkewe."

Jirani alikuja asubuhi akapiga honi bila kushuka. Nikaingia. Tulisalimiana vizuri, kama watu wa serikalini. Tukaiacha Dallas nyuma, tukapita maghala, maduka ya magari, kisha malisho yaliyokauka yenye ng'ombe weusi wachache, na katika mwendo wote huo tulizungumza juu ya hali ya hewa. Nilikuwa nikimvizia kwa pembeni ya jicho. Alishika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayejifunza.

Karibu nusu ya njia kuna kituo kikubwa cha mafuta, kile cha kuuza hata viti vya bustani. Akaegesha, akazima gari, lakini hakushuka.

"Kuna swali moja yule mtu aliniuliza," akasema. "Sikukwambia."

Nikamgeukia.

"Aliniuliza: ungemkabidhi rafiki yako kitu kinachoweza kuua watu wengi? Nikamwambia sijui."

"Ulisema sijui."

"Nilisema sijui. Akauliza tena, nikasema tena sijui. Akaandika." Alikuwa akitazama mbele, kwenye kioo, ambako watu walikuwa wakipita na barafu na vikapu vya chakula. "Alipoondoka nikajua nimekuharibia. Nikangoja uje uniambie umefukuzwa. Hukuja. Nikasema basi, ameshajua, ananyamaza kwa hila."

Niliziona zile wiki zote za kufuta vumbi kwenye nyaya. Niliuona uso wa Mzee akiniuliza kama kuna mtu anayenichukia. Hasira ilinipanda mpaka nikafungua mlango nikashuka. Nikazunguka gari. Sikuwa na pa kwenda, maana tulikuwa katikati ya Teksasi na gari lilikuwa lake. Nikaingia dukani nikanunua kahawa, nikarudi. Nilikuwa nimenunua mbili bila kufikiri. Nikampa moja.

"Kwa nini?" nikamwuliza.

"Kwa sababu alisema watu wengi," akajibu. "Mimi nimewaona watu wazuri wakishika panga, Jirani. Watu wa kwaya. Ulikuwapo. Unafikiri kuna mtu yeyote ninayeweza kumjibia swali hilo? Ndugu yangu wa tumbo moja nisingemjibia."

Tulikunywa kahawa. Ilikuwa chungu na ya moto.

"Ungekuwa wewe," akasema, "unaulizwa kuhusu mimi, ungejibu nini?"

Nilitaka kusema ningejibu ndiyo bila kusita. Neno lilikuja mpaka mdomoni. Nikamtazama, na mikono yake iliyopasuka kwa maboksi, na ule ukimya wake wa wiki nyingi, nikaona kwamba sina hakika.

"Nisingependa kuulizwa," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole. Nadhani lilimtosha.

"Na haya maneno ya kanisani, kwamba nawakamata watu?"

"Nilimwambia mke wangu naogopa. Naye akawaambia akina mama waniombee." Akapangusa mdomo. "Sala za watu wa kwaya unazijua. Zinatembea."

Akawasha gari. Tulipokuwa tena barabarani akaniuliza, kwa mara ya kwanza, kazi yangu ni nini hasa, nikamweleza yote: fimbo, bwawa, sesiamu zile mbili, tita lililowekwa pembeni miaka bila kosa. Alisikiliza kwa makini, akiitikia kwa kichwa mahali panapofaa.

"Hilo bwawa," akasema nilipomaliza, "lina samaki?"

"Halina samaki."

"Hata wadogo?"

"Jirani, hakuna samaki."

Akaguna. Nilijua hakuniamini.

Msiba ulikuwa mzuri, kama msiba unaweza kuitwa hivyo. Tulipofika walikuwa wanahitaji watu wa kubeba viti kutoka kwenye lori, tukabeba pamoja mpaka mgongo ukauma. Yule mama wa kwaya mwenye gari lililojaa alikuwapo pia. Alimwona Jirani akinipokea kiti na akamwona akinitania, akaja kunisalimia kwa mikono miwili na kuniuliza hali ya mke wangu. Nilimjibu ni mzima, ila anachoka na treni. "Treni ya nini tena?" akasema, kana kwamba habari hiyo ameisikia sasa hivi. Wiki iliyofuata gari lilipata nafasi. Mke wangu akapanda, lakini mpaka leo hukaa kiti cha nyuma na hasemi mambo ya nyumbani kwake.

Tulirudi kesho yake baada ya maziko. Jirani aliendesha haraka mno, nikamwambia apunguze, akaniambia kama silipendi gari lake nishuke. Mvua ilianza, malori yakatufunga mbele na pembeni, tukaanza kumzungumzia marehemu. Mimi nilikumbuka alikuwa akiuza maharage pale njiapanda ya kambi. Jirani akasema hapana, dagaa. Nikasema maharage, nilimkopa mwenyewe. Akasema basi ulimkopa mtu mwingine. Hakuna aliyekubali, na tulipochoka kubishana tulimpigia mke wangu, tukamweka kwenye spika, tukamwuliza yule bibi aliuza nini.

"Chumvi," akasema. "Kila siku chumvi. Nyinyi mna nini?"

Jirani akasubiri simu ikatike vizuri.

"Mkeo alikuwa mdogo wakati ule," akaniambia. "Hawezi kukumbuka."